Wikipedia na vyama vya siasa vya Kongo: nani anaandika, nani anafuta?

Kapture moja ya Wikipedia inaweza kumaliza mabishano kwenye grupu ya WhatsApp. Mtu anatuma picha ya ukurasa, chini yake anaandika "soma mwenyewe", na wengine wananyamaza. Lakini kisha saa moja mwingine anaweza kutuma kapture ya ukurasa ule ule ikiwa na jina lingine la kiongozi wa chama. Hapo matusi yanaanza, kila mmoja anamshitaki mwenzake kwamba ameichezea picha. Kumbe zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Ni ukurasa wenyewe ndio umebadilika katikati.

Mfano wa karibu ni mwezi wa Augusti 2024, wakati UDPS, chama cha Rais, kilijikuta na vichwa viwili. Kundi moja ndani ya chama lilitangaza kwamba limemwondoa katibu mkuu Augustin Kabuya na kumweka Déogratias Bizibu kwa muda. Kabuya akakataa. Kila upande ulisema sheria ya chama iko upande wake. Sasa, mwenye kuandika makala juu ya UDPS aweke jina la nani kwenye mstari wa katibu mkuu? Juu ya makala za namna hii kunakuwa kisanduku kidogo: jina la chama, mwaka wa kuundwa, kiongozi, katibu, rangi. Katika kisanduku hicho hakuna nafasi ya kueleza kwamba watu bado wanabishana. Kinataka jina moja. Na ni habari fupi kama hizo ndizo Google inaonyesha mbele ya mtu mwenye kutafuta haraka haraka, na ndizo programu za akili bandia zinapenda kurudilia kama vile ni neno la mwisho.

Kwa UDPS haikuwa mara ya kwanza. Étienne Tshisekedi alikufa Brussels mwezi wa pili 2017. Miezi miwili kisha hapo, Bruno Tshibala, mwenye alikuwa amefukuzwa katika chama, akawekwa kuwa waziri mkuu, na inchi ikaanza kusikia jina la UDPS/Tshibala pembeni ya UDPS ile ingine. Chama chenye kilizaliwa 1982, wakati MPR ya Mobutu ilikuwa chama kimoja tu chenye kuruhusiwa, kikawa na watu wawili wenye kudai urizi. Mwandishi wa kamusi hawezi kukata maneno hayo kama vile tribinali. Anaweza tu kusema nani alidai nini, lini, na nani alimpinga.

Hiyo ndiyo sheria ya Wikipedia, yenye ilianza mwezi wa kwanza 2001: kuandika bila kuegemea, kila jambo liwe na chanzo chenye kuweza kuhakikishwa, na mwandishi asilete uchunguzi wake mwenyewe. Kila mtu anaweza kubadilisha. Yale yaliyofutwa hayapotei, yanabaki katika historia ya ukurasa. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu akirudisha maneno yake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kufungiwa. Na ukurasa wenye vita vingi unaweza kufungwa kwa muda, wabaki wazoefu tu wa kuugusa. Hata hivyo, "bila kuegemea" haiko kumpa kila mtu mistari sawa. Ni kufuata uzito wa vyanzo. Na uzito huo, kama itakavyoonekana chini, hauangukii upande wa mashariki.

Watu wengi wanafikiri upendeleo ni uongo. Katika makala za siasa, mara nyingi upendeleo unajengwa na mambo ya kweli matupu. Vital Kamerhe, mwenye kuunda chama cha UNC mwaka 2010 kisha kuachana na PPRD, ni mfano mzuri kwa wakaaji wa Kivu ya Kusini. Mwaka 2020 tribinali ilimhukumu miaka 20 ya kazi ngumu juu ya makuta ya programu ya siku 100. Ni kweli. Mwaka 2021, kwenye rufaa, hukumu ikashuka mpaka miaka 13. Ni kweli pia. Mwaka 2022 akatangazwa kuwa hana kosa. Nayo ni kweli. Mwenye kuandika jambo la kwanza na kuacha la tatu hajasema uongo hata neno moja, lakini ameandika makala ya kumwangusha. Mwenye kuandika la tatu peke yake, bila kutaja kesi ilikuwa ya nini, ameandika tangazo la kampeni. Vita vingi vya kurasa hizi viko hapo, juu ya sentensi gani iingie na gani itangulie. Ni kazi ya kuchosha kuifuata, na ndiyo sababu mashabiki wa vyama wanashinda mara nyingi: wao hawachoki.

Kwa AFC/M23 mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kila neno linagusa damu. Tarehe zenyewe hazina ubishi mwingi. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ilitia sahihi mapatano na CNDP, yenye ilipaswa kugeuka chama cha siasa. M23 ikazaliwa 2012 na kuchukua jina lake katika tarehe ile. AFC ya Corneille Nangaa ikatangazwa Nairobi mwezi wa kumi na mbili 2023. Lakini waitwe nani? Serikali ya Kinshasa inasema magaidi. Wenyewe wanasema wao ni watu wa siasa na wa kijeshi pamoja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya msaada wa Rwanda, na Kigali imekana mara nyingi. Maelekezo ya Wikipedia ya Kiingereza yanaomba neno kama "kigaidi" lisiandikwe kwa sauti ya kamusi yenyewe, lakini liwekwe kinywani mwa mwenye kulisema. Kwa mtu mwenye kukimbia Sake na watoto mgongoni, sheria hiyo inaweza kuonekana baridi sana, hata kama kumtukana. Lakini "serikali ya Kongo inawaita magaidi" haifichi kitu. Inamwachia msomaji kujua nani amesema, na neno linabaki hata kesho mapatano yakitiwa sahihi ao yakivunjwa.

Kinyume cha hapo, mabishano mengine hayastahili jasho lake: kama chama fulani ni cha kushoto ao cha katikati. UDPS ni memba wa Kimataifa cha Kisoshalisti, na PPRD nayo ilijiita ya demokrasia ya kijamii. Msomaji wa Uvira akisoma hivyo hajajifunza kitu chochote juu ya tofauti yao.

Kisha kuna mikono yenye faida yake. Mambo haya hayakuanzia Afrika. Mwezi wa kwanza 2006 huko Marekani ilijulikana kwamba watu wa ofisi ya mbunge Marty Meehan walibadilisha ukurasa wake na kufuta habari ya ahadi yake ya kutopita mihula mine. Ilikuwa jambo la kweli, lenye kuhakikishwa, lakini lenye kumsumbua. Uingereza kulikuwa kesi yenye fundisho tofauti. Mwezi wa nne 2015, siku chache mbele ya uchaguzi, msimamizi mmoja wa Wikipedia alifungia akaunti kwa kushuku kwamba ilikuwa ya Grant Shapps, mkubwa wa chama cha Conservative, ao mtu wake, na kwamba ilikuwa inasafisha ukurasa wake na kuchafua za wenzake. Gazeti likaandika. Shapps akakana. Kisha uchaguzi, kamati ya Wikipedia yenyewe ilichunguza, ikaona hakuna ushuhuda wa kutosha wa kuunganisha akaunti ile na mtu yeyote, na ikamnyang'anya yule msimamizi mamlaka yake makubwa. Kusema kweli, kumshitaki adui kwamba amechezea kamusi ni silaha sawa na kuichezea.

Hatari kubwa zaidi iko katika lugha zenye waandishi wachache. Croatia inajua. Kwa miaka karibu kumi, kundi dogo la wasimamizi lilishika Wikipedia ya Kikroeshia na kuwafungia wenye kuwapinga. Kurasa juu ya Ustaše, wenye walitawala inchi hiyo 1941 mpaka 1945 pamoja na Wanazi, zikalainishwa. Kambi ya Jasenovac, mahali watu makumi ya maelfu waliuawa, ikaelezwa kama kambi ya kukusanyia watu na ya kazi. Mwaka 2013 waziri wa elimu aliwaomba wanafunzi wasiitumie. Shirika lenye kusimamia Wikipedia lilitoa ripoti yake juu ya mambo hayo 2021 tu. Kamusi ya lugha yenye watu milioni chache ilitekwa.

Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko Kikroeshia, lakini wenye kuandika kila siku katika kamusi elezo ya Kiswahili ni wachache, na vyama vya Kongo si vyao. Mkaaji wa Butembo akitaka kusoma juu ya chama cha kwao kwa urefu, anaenda kwa Kifaransa ao Kiingereza. Na kule anakuta vyanzo ni vile vile: Radio Okapi, RFI, Jeune Afrique, Actualité.cd, komunike za Kinshasa. Redio ndogo za Walikale, Mahagi ao Fizi zinasema kila jioni nani ametoka katika chama gani na kwa nini, kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, lakini sauti hiyo ikishapita hewani haiwezi kutajwa kama chanzo, kwa sababu hakuna mahali mwingine anaweza kuihakikisha. Chama chenye matawi katika mitaa yote kinabaki kwenye makala kama jambo la mji mkuu: kongamano, mawaziri, mafarakano. Hakuna mtu amekusudia ubaya huo. Ni ukimya tu, na ukimya hauna mtu wa kuupeleka mbele ya kamati.

Komunike ya chama haiwezi kujaza tundu hilo. Inakubaliwa kwa mambo madogo, kama tarehe ya kuundwa ao jina la makao makuu, si kwa kusema chama kinapendwa na watu. Mtu wa chama mwenye kuona kosa ana njia: kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kujitambulisha kwamba yeye ni wa chama, na kuonyesha chanzo cha mtu mwingine. Kama analipwa kwa kazi hiyo, tangu 2014 anapaswa kusema nani anamlipa.

Redio yenye kuweka habari zake za jioni kwenye mtandao kwa maandishi, na tarehe na jina la mwandishi, inatoa angalau kitu cha kutajwa. Na kwa mwenye kupokea kapture, kuna swali moja la kuuliza: iko wapi linki ya toleo lile? Kila badiliko la Wikipedia lina namba na anwani yake, na saa lilipofanyika. Kwa Kifaransa inaitwa "lien permanent", iko katika vifaa vya ukurasa, na kuifungua kunakula mega kidogo tu.