Ziwa likifungwa ndakala anarudi. Na samaki wa mawe je?

Mwaka 2024, nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ziliamua pamoja kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane. Huku kwetu Uvira na Fizi, neno moja linarudiwa tangu Kavimvira mpaka Makobola: «Ziwa ikipumzika, samaki itarudi.»

Neno hilo lina ukweli ndani yake. Lakini tujiulize: ni samaki gani atarudi?

Kwa ndakala, jibu ni rahisi. Yeye anaishi katikati ya ziwa, anatembea kwa makundi makubwa, anakua na kuzaa ndani ya mwaka mmoja. Ukimwachia nafasi, anajaza tena upesi. Mukeke anayemfuata ili amle, naye anasafiri. Leo yuko upande wetu, kesho upande wa Burundi. Ndiyo maana nchi moja haiwezi kumlinda peke yake.

Ila kuna samaki wengine ambao hawasafiri kabisa. Toka Kalundu, fuata barabara ya kusini kuelekea Luhanga na Bemba, pale mlima unaposhuka mpaka majini. Chini ya maji yale kuna mawe, na katika mawe yale kuna mji.

Tunajua maisha ya mji huo kwa sababu watu walizamia na kukaa wakiangalia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti kutoka Japani, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walifanya kazi pamoja na Wakongo wa kituo cha utafiti wa maji hapa Uvira, ambacho leo tunakiita CRH. Hawakutegemea wavu tu. Walikaa chini ya maji na kuandika nani anakula nini, nani anamfukuza nani, nani analinda watoto wa nani.

Waliyoyaona yalishangaza dunia. Kuna samaki anayeitwa Perissodus microlepis, chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda. Aliyepinda kulia anashambulia ubavu wa kushoto, aliyepinda kushoto anashambulia ubavu wa kulia. Mwaka 1993, Michio Hori alieleza katika jarida la Science kwamba wa kulia wakizidi, samaki wengine wanajifunza kulinda ubavu wa kushoto, basi wa kushoto wanapata kula vizuri zaidi na kuongezeka. Miaka inavyopita, mizani inacheza kulia na kushoto, bila upande mmoja kumaliza mwingine. Na mwizi huyu, nyumbani ni mzazi mwema: baba na mama wanalinda watoto wao pamoja.

Kuna Neolamprologus brichardi, ambaye watoto wake wakubwa hawahami haraka. Wanabaki kusaidia wazazi kulinda wadogo zao. Kuna Tropheus anayekwangua majani membamba yanayoota juu ya jiwe. Mama anabeba mayai mdomoni karibu mwezi mzima, na mara nyingi hayafiki ishirini. Tropheus haogopi kitu kama mchanga mtupu, kwa sababu hauna pa kujificha. Ndiyo maana kila kipande cha mawe kina Tropheus wa rangi yake. Yule wa Bemba ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya chungwa, na wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani wanamjua kwa jina la kijiji hicho.

Sasa weka tabia hizo mbele ya sheria ya miezi mitatu. Samaki anayezaa mayai machache, asiyeweza kuvuka mchanga, akimalizwa pale Bemba, hakuna ndugu yake atakayetoka Kalemie kuja kujaza nafasi. Miezi mitatu haimtoshi.

Kuna hatari nyingine. Katamarani yenye taa inaonekana usiku kutoka mbali, ni rahisi kuikamata. Mtoto mwenye chandarua kwenye mawe, nani atamwona? Familia iliyozoea kuishi kwa ndakala ikikosa msaada wakati wa kufunga, itatafuta kitoweo mahali palipo karibu. Hapo tutakuwa tumempumzisha samaki anayerudi upesi, na kumbebesha mzigo yule asiyerudi.

Tena adui mkubwa wa samaki wa mawe hana wavu. Ni tope. Mwezi wa nne 2020 tuliona Mulongwe ikibeba nyumba na watu. Udongo ule wote uliishia ziwani. Milima ikikatwa miti kwa ajili ya makala na mashamba, kila mvua inashusha udongo. Tope linafunika chakula juu ya mawe na kuziba matundu ya kuzalia. Mwaka huohuo wa 1993, Andrew Cohen na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha fuko za kaskazini mwa ziwa: penye tope jingi, aina za viumbe zilikuwa chache zaidi.

Kwa hiyo kufunga ziwa kuendelee, lakini kusiwe dawa pekee. Komite za wavuvi na machifu wa vijiji wanaweza kuchagua vipande vichache vya mawe vifungwe mwaka mzima, kwa makubaliano ya wenyeji. Miteremko iliyo juu ya vipande hivyo ipandwe miti kwanza. Na wakati wa kufunga, mvuvi mdogo asaidiwe, maana tumbo halisomi sheria.

Jambo la mwisho ni kuangalia tena. Vita vya miaka ya 1990 vilipofika, kazi kubwa ya kuzamia ilihamia Mpulungu, Zambia. Tangu hapo tunasema samaki wamepungua kwa kuangalia kapu tu. Vijana wetu wanaogelea toka utoto. Wakipewa mafunzo na miwani ya maji, wakiongozwa na CRH, wanaweza kuhesabu samaki wa jiwe moja kila mwaka. Hapo tutajua, si kwa kukisia, nani amerudi na nani hakurudi.