Nimeacha kungoja tamthilia iishe

Leo naweka programu kando kidogo. Wanaonijua wanajua nina ugonjwa mmoja tangu chuo: tamthilia na vitabu vya sayansi ya kubuni. Vyombo vya angani, safari za wakati, majoka, vyote navipokea. Na kwa miaka kadhaa nilikuwa na sheria moja: sianzi tamthilia mpaka iishe.

Sheria hiyo niliipata kwa machungu. Nilimaliza Game of Thrones mwaka 2019, misimu 8, sehemu 73, na ule msimu wa mwisho ulikimbizwa kama mradi ambao mteja anautaka Ijumaa. Nikasema nitajifariji kwa vitabu. Kumbe George R. R. Martin alikuwa ametoa cha tano mwaka 2011, na miaka 8 ilikuwa imepita bila cha sita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kuanzia hapo rafiki akinisifia kitu kipya, nilimjibu: kikiisha vizuri, niambie.

Kwa mtu wa kazi yangu mantiki ilionekana safi. Huweki toleo la majaribio kwenye seva ya mteja. Unangoja litulie, wengine wakutane na hitilafu kwanza, ndipo uweke.

Halafu ikaja 1899.

Lazima nianze na Dark. Ni tamthilia ya Wajerumani, Baran bo Odar na Jantje Friese, iliyotoka Netflix kati ya 2017 na 2020. Mji mdogo uitwao Winden, watoto wanapotea, na wakati unajizungusha kila miaka 33. Sehemu 26 tu, na mafundo mengi waliyoyafunga waliyafungua wenyewe. Mimi niliichorea mchoro kwenye karatasi, mishale ya nani ni mzazi wa nani, kama ninavyochora jedwali za hifadhidata. Jamani, kama hujaiona, ione.

Basi watu hao hao wakatoa 1899 tarehe 17 Novemba 2022. Meli imejaa wahamiaji kutoka Ulaya wanaokwenda New York, kisha mambo yanaharibika. Walikuwa wamepanga misimu 3. Nikafurahi sana, na nikafuata sheria yangu: nitangoja yote mitatu iishe. Tarehe 2 Januari 2023 wakatangaza kwamba hakutakuwa na msimu wa pili. Haikufikisha hata miezi miwili.

Nilikasirika siku nzima. Kazini nikamchosha mwenzangu wa meza ya pili kwa lawama, mpaka akaniuliza swali moja: wewe uliionaje? Nikanyamaza. Sikuwa nimetazama hata dakika moja.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Kampuni hizi hulinganisha gharama na watazamaji: wangapi wameanza, wangapi wamefika sehemu ya mwisho. Katika hesabu hiyo hakuna safu ya "anaipenda lakini anangoja". Mimi shabiki nilihesabiwa sawasawa na mtu asiyeitaka kabisa. Sisemi dakika zangu zingeiokoa. Nasema tukiwa wengi wenye sheria kama yangu, tunaziua hadithi zile zile tunazodai kuzipenda, kisha tunalia matangani.

Tazama waliofanya kinyume. Star Trek ilianza Marekani mwaka 1966, na msimu wa pili ukiendelea ikaelekea kukatwa. Bjo Trimble na mumewe John wakawapanga mashabiki waandike barua kwa kituo cha NBC. Wakapata msimu wa tatu, ikaisha mwaka 1969 ikiwa na sehemu 79. Mwisho wenyewe haukuwa mwisho wa maana, lakini sehemu hizo ndizo zilizorudiwa na vituo vingine miaka ya 1970 na kuzaa mashabiki wapya. The Expanse nayo ilitemwa na Syfy mwaka 2018 baada ya misimu 3. Mashabiki walikodi hata ndege ikavuta bango angani. Amazon wakaichukua, ikapata misimu mingine 3 hadi Januari 2022.

Utaniambia, na ikiisha vibaya? Kweli, huenda. Mwandishi anayeanza safari bila kujua aendako simtetei. Lakini hata mpango mzuri unahitaji watazamaji njiani. J. Michael Straczynski aliipanga Babylon 5 kwa miaka 5 tangu mwanzo, na kila mhusika alimwekea mlango wa kutokea endapo mwigizaji angeondoka. Michael O'Hare, aliyekuwa kinara, aliondoka baada ya msimu wa kwanza, na hadithi haikuanguka. Msimu wa nne ilipoonekana huenda hakuna wa tano, akabana mambo mengi humo, kisha kituo cha TNT kikamwongezea msimu. Hakuna mpango uliotimia ulivyoandikwa. Sisi watengeneza programu tunalijua hilo vizuri, na tunajua pia kwamba programu isiyo na mtumiaji haina wa kuilalamikia, kwa hiyo haipati wa kuirekebisha.

Na kuna jambo jingine. Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulitazama "Hardhome", ile sehemu ya Game of Thrones ya 2015, watu saba kwenye laptopu moja. Stima ikapotea, tukaendelea mpaka betri ikazima, kisha tukabishana gizani kuhusu tusichokiona. Mwisho mbaya wa 2019 haukuufuta usiku ule. Ningengoja mwisho, nisingekuwa nao.

Kwa hiyo sheria mpya: nikiona kitu kinachonivutia naanza mapema, nakipa sehemu 3, kikinishika nakimaliza na kumwambia mtu mmoja. Kikikatwa, nitaumia nikiwa nimekiona.

Tulipokuwa wadogo msimuliaji alisema "Paukwa!" na hakuendelea mpaka tumjibu "Pakawa!" Hakuna aliyesema nitajibu nikishajua hadithi inaishaje.

Wewe je, unangoja ipi?