Mvua Imeanza, Fimbo Yako ya Kuvua Umeiweka Wapi?

Mvua ya Machi ikishika Nyamarambe, mto Gucha hubadilika. Maji yanakuwa mekundu ya udongo, yanabeba migomba na magogo, na hata yule msee anayejiita bingwa wa ndoana anarudi nyumbani. Hapo sina neno. Mto uliofurika si wa kuchezea. Swali langu kwako ni moja tu: hiyo fimbo yako umeiweka wapi?

Wacha nikujibie. Umeiegemeza nyuma ya jikoni, ndoana bado inaning'inia, mnyoo umekaukia hapo hapo. Maji yakitulia kuelekea Juni, utakuta uzi unakatika ukiuvuta kidogo, rili imeshika kutu na mwanzi umetobolewa na wadudu. Pesa ya kununua vingine huna. Sasa unafanya nini? Unaangalia kitandani, unaona chandarua cha mbu.

Hapo ndipo tunaharibu. Chandarua hakichagui. Kinazoa hadi samaki wadogo kama njugu, waliozaliwa juzi. Kambare, yule majirani zetu Waluo wanamwita mumi, hutaga mayai wakati wa mvua. Ningu naye hutoka Ziwa Victoria mvua ikinyesha, akapanda mito kwenda kutaga, ukiwemo Kuja, ambao ni Gucha huu huu ukifika Migori. Zamani ningu alikuwa samaki wa maana sana huko. Akapungua vibaya, sababu kubwa ikiwa nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito akiwa bado anapanda. Hata ziwani, omena hupumzishwa kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka. Kwa hivyo kupumzika msimu huu si uvivu. Ni kuweka akiba. Lakini akiba hiyo ina maana tu kama utarudi mtoni na ndoana, si na chandarua.

Mimi chuo nilikiacha njiani, na ninakuhakikishia kazi hii haihitaji digrii. Toa ndoana kwanza. Ifute, ipake mafuta kidogo, uifungie kwenye mkebe wenye kifuniko. Boma zetu zimejaa watoto wanaotembea bila viatu, na ndoana ina mwiba wa kurudi nyuma: kuingia ni rahisi, kutoka ni hospitali. Mabaki ya uzi usiyatupe nje. Kuku hunaswa miguu, na ng'ombe anaweza kuyameza pamoja na nyasi.

Rili ioshe kwa maji safi, ikauke kabisa, kisha utie tone la mafuta ya cherehani. Ile skrubu ya kukaza uzi ilegeze, isikae imebana miezi mitatu. Uzi wa nailoni adui yake ni jua, kwa hivyo usiuache dirishani. Fimbo ilaze juu ya misumari miwili au mitatu ukutani. Ukiiegemeza kwa kona muda mrefu itapinda. Kama ni ya mwanzi, nyanya alishakuonyesha dawa: dari la jikoni, juu ya moshi. Moshi hukausha na hufukuza wadudu. Lakini fimbo ya dukani na uzi wa nailoni usivipeleke huko, joto litaviharibu.

Utaniambia, "Acha zako, hiyo ni michezo ya watoto." Sawa. Basi nenda Tabaka, hapa hapa Mugirango Kusini, umwangalie mchongaji wa mawe. Siku ambayo hakuna mteja, hatupi tupa na patasi yake kwenye matope. Anajua mteja atakuja. Sisi vijana tunalia kila siku hakuna kazi, halafu kifaa kinachotuletea mboga ya jioni, na siku nyingine mia mbili ya sokoni, tunakiacha kioze. Nani atakuamini na mtaji mkubwa kama kamtaji kadogo kamekushinda?

Kwa hivyo leo jioni, kabla giza halijaingia, zunguka nyuma ya jikoni. Leta mkebe, kitambaa na mafuta. Ni nusu saa tu. Gucha utatulia, na samaki watakaokuwa wamekua watahitaji mtu mwenye ndoana nzima.