Karani wa Sensa Si Afisa wa Vitambulisho



Sensa ikishapita huzuka wazo kwamba majibu yale yageuzwe daftari la kudumu la wananchi wote, tuachane na foleni za vitambulisho. Linavutia, fedha si zimeshatumika? Mimi nalipinga, na si kwa kuchukia madaftari. Ni muuguzi hapa Uingereza, na bila namba ya mgonjwa zamu yangu haiendi.

Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Waliolala, jamani! Mtalii aliyekuwa hotelini Nungwi alistahili kuhesabiwa. Mimi niliyekuwa huku, hapana. Kwa kupanga zahanati na madawati, hiyo ni sawa kabisa. Kwa daftari la raia ni balaa. Isitoshe, mkuu wa kaya huwajibia wote, na umri wa bibi hukisiwa. Aliyezaliwa keshokutwa yake hayumo, na aliyefariki wiki iliyofuata bado yumo.

Kubwa zaidi ni siri. Makarani walikula kiapo, na Sheria ya Takwimu inalinda majibu ya mtu mmoja mmoja. Mnakumbuka mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viligomea sensa kwa sababu ya kipengele cha dini? Imani ya watu ni nyepesi hivyo. Mgonjwa akigundua umepeleka habari zake kwingine, safari ijayo atakuficha, na utamtibu gizani. Leo majibu ya sensa yakihamia polisi au kodi, sensa ijayo karani ataambiwa nini?

Uingereza walionja hili. Tarehe 29 Septemba 1939 waliandikisha watu nyumba kwa nyumba kwa sababu za vita: jeshi, usalama na mgao wa chakula. Kufikia 1950 idara 39 zilikuwa zikitumia daftari lile, na polisi wakidai kadi barabarani hata vita vilipokwisha. Kadi zilifutwa 1952. Namba zake, hata hivyo, ziliingia katika huduma ya afya iliyoanza 1948, kwa hiyo sisemi daftari halina faida.

Daftari lijengwe kwa sheria yake, lisiibiwe kutoka kwa takwimu. Lianzie kliniki. Tangu 2013, kuanzia Mbeya, RITA wamekuwa wakiandikisha watoto wa chini ya miaka mitano vituoni na ofisi za kata, bure. Muuguzi anayepima uzito ndiye anayejua nani kazaliwa, na wodi ndiyo inayojua nani katutoka. Waongezewe watu na vitendea kazi, vifo navyo viandikwe hukohuko. Na sisi wa huku tuandikishwe ubalozini, vyeti mkononi.