Tairi Ina Meno Lakini Imezeeka: Soma Namba Nne Kabla Ulipe

Mvua ya kwanza ikinyesha Nairobi, lazima kuna boda itaanguka mahali. Watu watakusanyika na hukumu itatoka hapo hapo: alikuwa anakimbia, alikuwa amevuta kitu, hawa watu wa boda hawana akili. Sijawahi kuona mtu kwa huo umati ameinama kuangalia tairi.

Maoni yangu ni haya, wasee. Tunapima tairi kwa meno pekee, na hiyo tabia inatuumiza. Meno yanakuambia tairi imetembea kiasi gani. Hayakuambii ina miaka mingapi.

Mpira hushika lami kwa sababu ni laini. Ukiiangalia lami kwa karibu ina vijiwe na vibonde vidogo, na mpira laini hujibonyeza ndani yake. Sehemu ya tairi ya pikipiki inayogusa barabara kwa wakati mmoja ni ndogo, karibu kama kiganja chako. Yaani nduthi nzima, dereva, abiria na kreti ya mkate mnashikiliwa na viganja viwili vya mpira. Sasa jua, joto na hewa yenyewe huufanya huo mpira ukauke polepole na kuwa mgumu, hata kama pikipiki haijatoka nyumbani. Unazijua zile ndala za bafu zilizosahaulika juu ya mabati miezi mingi? Soli bado ina mistari yote. Lakini kanyaga nazo simiti yenye maji uone.

Najua msee wa boda atasema: mimi niko barabarani kutoka saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku, tairi yangu inaisha kabla izeeke. Ni ukweli, kwa ile ya nyuma. Ya nyuma ndiyo inasukuma na ndiyo inabeba abiria na mzigo, kwa hivyo inaisha haraka na inabadilishwa. Ya mbele inaisha pole pole, kwa hivyo inaachwa. Utabadilisha ya nyuma mara mbili, mara tatu, na ile ya mbele bado iko pale na meno yake, inakaa poa tu. Na ukishika breki kwa nguvu, uzito unaegemea wapi? Mbele. Kwa hivyo ile tairi mzee ndiyo umeipa kazi ngumu zaidi. Nyuma ikiteleza kidogo unaweza kuirudisha. Mbele ikiteleza, mara nyingi unajipata chini kabla hata ufikirie.

Halafu kuna nduthi zinazolala. Ile ya anko ushago inayotolewa Disemba peke yake. Zile zilizoshikwa zikapangwa kwa yadi, juani, miezi kwa miezi, mpaka zikauzwa kwa mnada. Ukienda kununua moja utaambiwa, “Tairi bado mpya, cheki meno.” Hapo ndipo maswali yanafaa kuanza.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo tulieni, hii haihitaji digrii. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, halafu ufuate mstari wa herufi na namba mpaka mwisho. Namba nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarehe iko upande mmoja tu, kwa hivyo usipoiona, zunguka upande wa pili. Na ukipata namba tatu badala ya nne, hiyo tairi ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, yaani imenizidi umri. Iamkie shikamoo, kisha uondoke.

Kampuni ya Michelin hushauri tairi ikishatumika miaka 5 iwe inakaguliwa na fundi kila mwaka, na ikifika 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama inaonekana sawa. Hiyo 10 ni mwisho kabisa. Tairi inayoshinda juani inaweza kuchoka mapema kuliko hapo.

Juzi niliandamana na binamu yangu kununua tairi ya mbele, duka moja la spea hapa tao, jina nitaliacha. Tairi zilikuwa zimening'inizwa nje juani, zinang'aa kwa polishi. Nikaulizia tarehe. Mwenye duka akacheka: “Kijana, mpira hauozi. Hii haijawahi guza barabara.” Tukaigeuza tukasoma namba. Miaka sita. Na bei ilikuwa ya kitu kipya. Tukamwambia asante mzee, tukaenda duka lingine.

Hiyo ndiyo inaniudhi. Pakiti ya maziwa tunaigeuza kuangalia tarehe. Mkate pia. Lakini tairi, kitu pekee kati yako na lami, tunachagua kwa bei na kwa kung'aa.

Kwa hivyo ukienda kununua, tarehe kwanza. Kisha bonyeza mpira kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama plastiki, au ukiona nyufa ndogo kati ya meno, irudishe. Fuata saizi ya waliotengeneza pikipiki. Kwa mfano 2.75-17, namba ya kwanza ni upana kwa inchi na ya mwisho ni kipenyo cha rimu. Ukilazimisha tairi pana kwa rimu nyembamba, inabanwa na umbo lake linaharibika. Kama njia yako ni matope ya ushago, meno makubwa yaliyoachana yana maana. Kama unashinda Thika Road na Jogoo Road, meno hayo yanakupunguzia mpira unaogusa lami, kwa hivyo chukua tairi ya barabara. Weka na tyubu mpya. Hakikisha mshale wa ubavuni unaelekea upande gurudumu linazunguka ukienda mbele. Na siku za kwanza usilale kwa kona, kwa sababu tairi ikitoka kiwandani juu yake huwa na utelezi.

Na yule fundi wa kukuchongea meno mapya kwa tairi iliyoisha, mwambie hapana. Anapunguza mpira kidogo uliobaki, na ugumu unabaki pale pale.

Najua pesa ni ngumu. Kuna malipo ya mkopo wa nduthi kila siku, kuna mafuta, kuna mambo ya steji. Lakini pia naona nduthi zina taa za rangi kumi, stika kila mahali, spika inaskika mtaa wa pili, na tairi ya mbele imepasuka pasuka kama kisigino cha kiangazi. Hapo shida si pesa. Ni mpangilio.

Na wewe abiria, hii ni yako pia. Huwezi kusoma namba kila safari, sawa, lakini nyufa zinaonekana hata ukiwa umesimama. “Boss, hiyo ya mbele imechoka, wacha nichukue mwingine.” Haihitaji matusi wala kelele. Msee akiambiwa hivyo na wateja watatu siku moja, atatafuta pesa ya tairi kabla atafute ya stika.

Leo jioni washa tochi ya simu, inama kwa nduthi iliyo karibu nawe, ya braza, ya mzee, ya jirani. Anza na ya mbele. Soma namba nne, kisha mwambie mwenyewe imefikisha miaka mingapi.