Chuo kimtafute mwanafunzi aliyetoweka darasani

Ushauri wanaopewa wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu afya ya akili haubadiliki mwaka hadi mwaka: lala vya kutosha, fanya mazoezi, chagua marafiki wema, shika ibada, na ukizidiwa nenda kamwone mshauri. Ni ushauri mzuri. Anayekesha usiku tatu mfululizo na madesa huingia kwenye mtihani kichwa kikiwa kizito, kwa sababu usingizi ndio unaosaidia ubongo kushika alichosoma. Tatizo ni kwamba ushauri wote huo unamhitaji mtu ambaye bado ana nguvu ya kuamua na kutenda, na sonona huanza kwa kuiondoa nguvu hiyohiyo. Aliyezama ndani yake hana hamu ya chakula, kutoka kitandani kunamshinda, na amekwisha kuamini kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake. Kumtaka mtu wa namna hiyo ajipeleke mwenyewe kwenye ofisi ya mshauri, ajieleze mbele ya mgeni, ni kumdai kile ambacho ugonjwa umemnyang'anya. Kwa hiyo hatua ya kwanza iwe ya chuo. Chuo ndicho kimtafute mwanafunzi.

Ushahidi wa hili upo. Mwaka 2016 watafiti wa mradi wa Shirika la Afya Duniani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa vyuo katika nchi 21. Karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la afya ya akili ndani ya miezi 12 iliyotangulia, na kati ya hao ni asilimia 16.4 tu waliopata tiba yoyote. Katika hesabu hiyo zimo nchi tajiri zenye wataalamu wengi kupita sisi kwa mbali, na bado walio wengi hawakufika kwa mtaalamu. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba asilimia 83 ya wenye matatizo hayo walikuwa nayo kabla hawajaingia chuoni. Wapo watakaoisoma takwimu hiyo kama udhuru: kama kijana amekuja na tatizo lake kutoka nyumbani, chuo kina kosa gani? Mimi naisoma kinyume. Chuo kinajua, siku ya usajili, kwamba katika kila kundi la wapya wamo wanaougua kimyakimya, na kwamba wengi wao hawatabisha hodi.

Kuwatambua hakuhitaji mashine wala bajeti mpya, kwa maana alama za kuzama zinapita mikononi mwa chuo kila wiki. Karatasi ya mahudhurio inatoka mstari wa mbele hadi wa nyuma, wenzake wanamsainia asiyekuwepo kwa nia njema, na mhadhiri anaipeleka ofisini ambako hutazamwa mwisho wa muhula tu, kuona nani hana sifa ya kufanya mtihani. Jaribio la kwanza linasahihishwa, mwanafunzi aliyefaulu vizuri muhula uliopita anapata alama nne, au hana alama kabisa, na matokeo yanabandikwa basi. Katika vyuo vyetu vingi alama za kabla ya mtihani wa mwisho ni 40 kati ya 100. Mwenye kuanguka hapo ameonekana majuma kadhaa kabla ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ipo dalili nyingine iliyo wazi zaidi. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu Tanzania husaini ndipo apate boom, fedha yake ya kula na kulala. Kijana asiye na kipato kingine akiacha kusaini, na wote waliomzunguka wanaihesabia siku fedha hiyo, hapo kuna jambo. Kumbukumbu hizi zote leo zinatumika kumnyima mtu mtihani au kumwondoa chuoni. Zitumike mapema zaidi, kumpigia simu.

Yapo mambo ambayo simu hiyo itayafichua, na si yote ya hospitali. Boom ikichelewa, kuna anayelala na uji wa mchana. Wapo wanaobebana, wawili kitanda kimoja, kwa kuwa chumba hakikupatikana na kodi ya mtaani haishikiki. Wapo waliotoka katika familia iliyouza shamba au ng'ombe ili wafike chuoni. Kwao sapu moja, yaani mtihani wa marudio, si somo la kurudia tu, ni habari isiyotamkika nyumbani. Mshauri atakayekuta hali hizi hatazimaliza kwa maneno ya faraja. Lakini anaweza kuandika barua ya kuahirisha mtihani, kufuatilia mkopo uliokwama, kumtafutia kitanda. Kwa wengi huo ndio mwanzo wa kupata nafuu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wanafunzi ni watu wazima na kuwafuatilia ni kuwapeleleza. Nalichukulia kwa uzito, maana faragha ya mgonjwa ni haki yake. Ila chuo hakihitaji kujua anaumwa nini. Kinahitaji kujua kwamba hayupo, jambo ambalo kimekwisha kulijua. Hatari ya kweli iko kwingine: nani anapiga simu. Pale ambapo ofisi moja inashughulikia nidhamu, mabweni na ushauri nasaha kwa pamoja, mwanafunzi hawezi kuifungulia moyo ofisi iliyo na uwezo wa kumfukuza. Kazi hizo zitenganishwe, na anayesikiliza asiripoti kwa anayeadhibu. Sheria nayo inazidisha hofu. Nchini Tanzania kujaribu kujiua ni kosa la jinai, ilhali mwenye fikra hizo anahitaji mtu wa kukaa naye na daktari. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Bunge letu lifike huko.

Pingamizi la pili ni uhaba wa wataalamu, na huo ni wa kweli. Lakini Zimbabwe ilikuwa na uhaba huohuo pale Dk Dixon Chibanda alipoanza, mwaka 2006 mjini Harare, kuwafundisha kina bibi wahudumu wa afya ya jamii kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi hilo wenye dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14, na waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa karibu asilimia 50. Kenya nako, programu ya Shamiri ilitumia vijana waliomaliza sekondari kuwaongoza wanafunzi wa sekondari kwa vikao vichache vya kundi, na utafiti wa mwaka 2021 ukaona dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Daktari abaki kwa waliozidiwa. Kusikiliza kwa utaratibu kunafundishika, na vyuo vyetu vimejaa wanafunzi wa saikolojia, uuguzi na ustawi wa jamii wanaohitaji mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi.

Kuhusu hoja kwamba vizazi vya zamani vilivumilia bila haya yote, nitasema kwa kifupi. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wasiofika 20; mwalimu aliona kiti kilicho wazi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilipangiwa wanafunzi 40,000. Katika ukumbi wenye mamia ya vichwa hakuna jicho linalomtambua aliyekosekana, mpaka chuo kiamue kuwa nalo.

Naomba makamu wakuu wa vyuo waanze na jambo dogo muhula ujao: wiki moja baada ya jaribio la kwanza, kila idara itoe majina ya wasiofanya na walioporomoka, na kila jina lipigiwe simu na mtu asiye wa nidhamu. Na wewe unayesoma haya ukiwa bwenini, kama mwenzako hajatoka chumbani tangu juzi, usimsainie mahudhurio. Mgongee mlango, mpelekee chakula, kaa naye. Akikutajia kufa, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali usiku huohuo.