Kabla hujakitoa kitu cha mama



Wiki iliyopita alikuja biharusi dukani kwangu na kanga imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Ya bibi yake, Allah amrehemu. Alitaka nikate kipande nikishone ndani ya gauni lake, upande wa moyo. Nilishika mkasi nikasita. Nikamwambia, "Kwanza kapige picha na kanga hii ikiwa nzima, na shangazi yako akueleze imetoka wapi."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana yameshanikuta.

Mama yangu alinisomesha kwa charahani ya mkono. Nilipomaliza kozi ya ushoni na kununua ya umeme, ile ya zamani nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama sikumuuliza. Aliporudi akakuta pahala patupu, akasema "Haya" tu, akaingia ndani. Sasa ametangulia mbele ya haki. Picha zake ninazo, zote za harusi za watu, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hata moja hayuko na charahani yake.

Kuna mpiga picha wa Marekani, Brian Sokol, ambaye mwaka 2012 alifanya kazi na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, huko Sudan Kusini. Aliwauliza watu waliokimbia vita Sudan: kitu gani muhimu kuliko vyote ulichotoka nacho nyumbani? Kisha akawapiga picha wakiwa wamekishika. Mama mmoja alishika sufuria, kwa sababu ndiyo iliyowapikia wanawe njia nzima. Ukiiona picha ile humuoni mkimbizi, unamuona mama.

Nasema na sisi tufanye, mtaani kwetu, bila kungoja vita wala msiba. Kila mama achague kitu chake kimoja: chetezo, kinu, bweta, msahafu aliosomea chuoni, mkoba wa ukili aliousuka mwenyewe. Apigwe picha nacho, na maneno yake yaandikwe.

Najua mtaniambia vitu vya dunia vinapita. Kweli. Lakini kumbukeni kidani cha Bibi Khadija (r.a.). Alimpa binti yake Zaynab (r.a.) alipoolewa. Baada ya Badr, Bibi Zaynab akakituma kidani kile kumkomboa mumewe aliyetekwa. Mtume wetu (s.a.w.) alipokiona moyo wake ulilainika sana, akawaomba masahaba, kama wataridhia, wamwachie mateka na kidani kirudishwe kwa mwenyewe. Kumpenda mtu kupitia kitu chake si upuuzi.

Na mtaniambia habari ya sura. Hapo nipo pamoja nanyi. Masheikh wetu wamekhitalifiana juu ya picha, na kila mmoja ana dhamiri yake. Asiyetaka uso wake uonekane, ipigwe mikono yake na kitu chake. Mikono ya mama inajulikana na wanawe hata gizani. Mpiga picha awe mwanamke. Na picha isipandishwe mtandaoni wala isiuziwe mgeni bila ya ruhusa ya mwenyewe, hata kama ni binti yake wa kumzaa ndiye anayetaka kuipandisha. Picha ni amana.

Gharama si hoja. Harusi zetu tunalipa mamia ya picha za kupozi, mkono wenye hina, kiatu, pete, keki. Ongeza moja tu: wewe na mama yako, na kitu chake katikati. Isafishe karatasi, usiiache ndani ya simu. Nyuma yake andika jina lake, kitu kimetoka wapi, na mwaka. Usiku wa wanawake, tundikeni picha hizo ukutani na vitu vyenyewe mviweke mezani chini yake, kila mama asimame aeleze chake. Wallahi watu watasahau keki.

Yule biharusi alirudi juzi. Kumbe kanga ile bibi yake alinunuliwa na mumewe siku aliyojifungua mtoto wa kwanza, na shangazi mtu hakuwahi kulisema hilo kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Hataki tena ikatwe. Ataivaa begani siku ya kutolewa nje.

Wewe mwenye mama hai, muulize leo.